WhatsApp Business kwa fundi mwenye duka lake: tathmini ya mshonaji wa Mwananyamala

Mafundi wenzangu wananiuliza swali moja kila tunapokutana Kariakoo kununua uzi: hiyo WhatsApp ya biashara inampa mtu muda wa nyumbani kweli, au ni WhatsApp ileile yenye herufi B kwenye nembo? Jibu langu ni kwamba inampa. Jioni yangu nimeipata. Ila sehemu iliyonisaidia zaidi siyo ile ambayo watu huikimbilia wakishaipakua. Wengi wanaweka ujumbe wa "tumefunga", wanangoja wateja wanyamaze, wateja hawanyamazi, halafu wanasema programu haina maana. Naandika kwa urefu kwa sababu jambo hili linanigusa, na kwa sababu naona wanawake wengi wenye biashara zao wanachoshwa na kitu kinachoweza kupungua sana ukijua pa kuanzia.

Nina fremu moja, cherehani tatu na ovaloki, na wasaidizi wawili. Nashona magauni ya vitenge na lesi, sare za kicheni pati, sendofu na harusi, madera, na Ramadhani ikifika ni nguo za Idi kuanzia za watoto hadi za bibi zao. Mteja analeta kitambaa chake au namnunulia. Karibu wote naanzana nao kwenye simu: anatuma picha ya mshono aliouona mtandaoni, anauliza bei, anakuja kupimwa, kisha anaanza kufuatilia. Huko kufuatilia ndiko kulikokula jioni zangu. Saa tatu usiku, "Dada fundi, gauni limefikia wapi?" Saa nne, sauti ndefu ya mteja anayeeleza kwamba amebadili mawazo kuhusu mikono. Saa tano, picha nyingine kabisa: "Na huu unaweza?" Unajibu kwa sababu mteja akiona tiki mbili za bluu na kimya, anahesabu kwamba umemdharau, au mbaya zaidi, kwamba umeharibu kitambaa chake na unajificha.

Kwa ambao hamjaigusa: WhatsApp Business ilitoka Januari 2018, inapakuliwa bure, na mwenye nayo ni Meta, kampuni ileile ya Facebook. Mteja hahitaji kupakua chochote kipya. Anakuandikia kwenye WhatsApp yake ya kawaida kama siku zote. Tofauti iko upande wako. Unapata ukurasa wa duka wenye saa za kazi na mahali ulipo, katalogi ya bidhaa, lebo za rangi za kupanga mazungumzo, majibu yaliyoandaliwa, ujumbe wa kumkaribisha anayekuandikia kwa mara ya kwanza au baada ya siku 14 za kimya, na ujumbe wa kumjibu mtu wakati haupo.

Sharti moja lazima ulijue mapema: namba moja haiwezi kukaa kwenye WhatsApp ya kawaida na ya biashara kwa wakati mmoja. Wengine wanaliona kama kikwazo. Mimi naliona ndilo jambo bora kuliko yote, kwa sababu linakulazimisha kutenganisha laini. Namba ya zamani, ambayo wateja wanaijua, nimeipa duka. Nikasajili laini nyingine kwa alama ya kidole na namba ya NIDA, na hiyo ndiyo ya ukoo, kikoba, wazazi wa darasa la mwanangu na mashoga zangu. Kabla ya hapo, ukifungua simu kuangalia mwalimu amesema nini kuhusu mtihani, unakutana kwanza na mteja wa sare. Ukishakutana naye huwezi kumpita.

Programu zote mbili zinaweza kukaa kwenye simu moja yenye laini mbili, na mwenye mtaji mdogo aanze hivyo. Mimi ushauri wangu ni simu mbili, hata kama ya pili ni ya bei ya chini kabisa inayokubali WhatsApp. Simu moja ikikaa mkononi, jicho linaona ile B ina alama ya ujumbe mpya, na kidole kinaenda. Simu yangu ya duka inalala dukani, ndani ya droo ya cherehani, nyuma ya geti la chuma, ikiwa kwenye chaji na data imewashwa. Kama fremu yako haina mlinzi wala majirani wa kuaminika, nenda nayo nyumbani uiweke juu ya kabati ikiwa kimya, lakini usiizime.

Hapo kwenye kutozima pana jambo ambalo mafundi wengi hawalijui. Ule ujumbe wa kumjibu mtu wakati haupo unatoka tu kama simu ina intaneti. Ukizima data saa mbili usiku ili upumzike au uokoe kifurushi, mteja anaona tiki moja na hapati jibu lolote. Kwa hiyo anayesema "nimeweka ujumbe lakini wateja wanalalamika sijibu", aangalie kwanza data yake. Usiogope kwamba kifurushi kitaisha usiku; maneno hayali kitu. Kinachokula ni picha na video za mishono zinazojipakua zenyewe. Ingia kwenye mipangilio ya hifadhi na data, zima upakuaji wa picha na video, utazifungua asubuhi unazozitaka.

Sasa saa za kazi. Programu haitakuchagulia, na mwenye biashara hana mtu wa kumwambia "ondoka". Nilipotafuta saa ya kufunga nilianzia kwenye sheria inayowahusu wasaidizi wangu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi asizidishe saa 9 za kawaida kwa siku wala saa 45 kwa wiki, apate mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na inahesabu usiku kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ambapo akifanya kazi anastahili nyongeza ya asilimia 5. Nikajiuliza kwa nini binti ninayemfundisha kushona alindwe na mimi ninayemfundisha nisilindwe. Na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa takwimu kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusishwa na hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, ukilinganisha na anayefanya saa 35 hadi 40. Fundi anayefungua saa mbili asubuhi na kufunga saa mbili usiku, siku sita, yuko kwenye saa 72, na hapo hajahesabu ujumbe anaojibu kitandani. Mimi nina mama mwenye presha. Hizo namba sikuzisoma kama habari za watu wa mbali.

Basi mlango wangu unafunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, Jumamosi mwisho saa nane mchana, Jumapili hakuna. Ukitoa saa ya chakula, wasaidizi wanapata zile 45. Mimi nabaki na nusu saa ya kumalizia ujumbe, kisha droo inafungwa. Nje ya msimu wa sherehe niko chini ya saa 55.

Unapoziingiza saa hizo, kumbuka saa ya simu inaanzia usiku wa manane. Saa tatu asubuhi ni 9:00, saa kumi na mbili na nusu jioni ni 18:30. Nimeona ukurasa wa jirani mmoja unaoonyesha duka linafunguliwa usiku wa manane na kufungwa alfajiri kwa sababu aliandika saa anavyozitamka. Ukishaziweka sawa, nenda kwenye ujumbe wa kutokuwepo na uchague utoke nje ya saa za kazi. Utakuwa unafuata ratiba hiyo wenyewe, huna haja ya kuuwasha kila jioni. Kuna pia ratiba yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, hiyo ni ya safari na sikukuu.

Maneno ya ujumbe wenyewe yanahitaji kufikiriwa kuliko mipangilio yote. Ule uliokuja na programu ni wa kushukuru na kusema tutawasiliana baadaye. Kwa mteja wa fundi, "baadaye" ni neno la kumtia wasiwasi. Wangu unasema hivi:

"Karibu sana. Duka limefungwa kwa leo, tunafungua saa tatu asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi. Ujumbe wako umefika na utajibiwa kabla ya saa tano asubuhi siku ya kazi. Kama nguo yako ni ya kuchukuliwa kesho, njoo kuanzia saa tatu utaikuta. Ukitaka kuona mishono na bei, fungua katalogi hapo juu."

Ile sentensi ya nguo ya kesho ndiyo yenye kazi kubwa, kwa sababu ndilo swali linaloulizwa zaidi usiku. Lakini huwezi kuiandika kama si kweli. Tangu niiweke, nguo ya kuchukuliwa kesho lazima iwe imeshonwa, imepigwa pasi na kuning'inizwa leo kabla ya kufunga. Hakuna tena kumalizia pindo asubuhi mteja akiwa amekaa kwenye benchi. Programu haikunifundisha hilo. Sentensi niliyoiandika mwenyewe ndiyo iliyonibana.

Na kuna suala la adabu. Ujumbe mmoja unakwenda kwa kila mtu, na wateja wangu wengine ni wakubwa wa mama yangu. Kwao mazungumzo yanaanza na shikamoo, hayaanzi na "duka limefungwa". Huwezi kuweka shikamoo kwenye ujumbe unaokwenda pia kwa binti wa chuo. Nashukuru programu inakuruhusu kuchagua wapokeaji: watu wote, wasiokuwa kwenye kitabu chako cha namba, watu wote isipokuwa fulani na fulani, au wachache uliowataja. Nimechagua watu wote isipokuwa, na kwenye orodha ya isipokuwa nimewaweka wazee wangu: mama mkwe, shangazi zangu, bibi mmoja wa jirani anayenishonesha kanzu za wajukuu. Hao nawaamkia mwenyewe asubuhi. Wazee kwa kweli hawaandiki usiku. Wanaoandika usiku ni sisi wa makamo na vijana.

Sasa nifike kwenye kilichonipa jioni yangu.

Sisi mafundi tunajulikana kwa "njoo kesho". Mteja ametoa kitambaa cha laki moja na nusu, ametoa malipo ya awali, sherehe ni Jumamosi, na maisha yake yote amesikia habari za mafundi waliomwangusha mtu siku ya shughuli. Usiku akilala ndipo hofu inamjia, ndipo anaandika. Haulizi kwa sababu anapenda kukusumbua. Ukimjibu kwa mashine kwamba umefunga, hofu inabaki palepale, na ataandika tena, au atapiga. Dawa ni ajue kabla hajauliza. Na kwa hilo lebo zina thamani kuliko ule ujumbe wa kufunga mara kumi.

Lebo ni alama za rangi unazobandika kwenye mazungumzo ya mteja. Zinakuja na majina yake, kama mteja mpya, oda mpya, malipo yanayosubiriwa. Mimi nimeyafuta na kuandika safari ya nguo ilivyo kwangu: Kitambaa kipo, Inakatwa, Kwenye mashine, Kujaribu, Tayari, Baki. Zinaruhusiwa hadi 20 lakini ukizidisha saba utachanganyikiwa. Kitambaa kikipokelewa, mteja anapata lebo palepale kabla hajatoka dukani. Nguo ikisogea, lebo inabadilishwa.

Saa kumi alasiri, joto likiwa limepungua na wasaidizi wanakunywa chai, nakaa na simu. Nafungua lebo ya Inakatwa, wanatokea wateja wote ambao nguo zao zimekatwa siku hiyo. Napiga picha ya vipande vikiwa juu ya meza, kifua, mgongo na mikono vimepangwa, futikamba ikiwa pembeni. Naandika: "Mama, gauni lako limekatwa leo. Alhamisi mchana njoo ujaribu." Natuma kwa mmoja, nahamia kwa mwingine. Kisha Kwenye mashine: picha ya shingo ikiwa imeshageuzwa bitana, au zipu ikiwa imeingia. Kisha Kujaribu, kuwakumbusha wa kesho. Kazi yote haimalizi chai.

Anayepata picha ya vipande vya kitenge chake, anaona kweli ni kile chake, ua kubwa limekaa katikati ya kifua kama alivyotaka, huyo usiku analala. Hana cha kuuliza. Ujumbe wa usiku ulipungua kuanzia hapo, kwa kiasi ambacho ujumbe wa kufunga peke yake haukuwahi kukipunguza. Na wengi wanairusha ile picha kwenye stetasi zao, wananiletea wateja bila mimi kuomba.

Kwa sare za kamati za harusi na sendofu nina utaratibu wa ziada ambao naupendekeza kwa nguvu. Wanawake kumi na wawili wa kamati moja, kila mmoja akikuandikia kivyake, hakuna lebo itakayokuokoa. Siku ya kupokea vitambaa naomba wachague mmoja wa kuwasemea, na mazungumzo yote yanapita kwake. Wanakubali vizuri, kwa sababu kamati zina mwenyekiti na katibu tayari.

Majibu yaliyoandaliwa ni msaada wa mchana. Unaandika jibu mara moja, unalipa jina fupi, na ukitaka kulituma unabonyeza alama ya mkwaju na jina hilo. Yangu ni /bei, /ramani, /lipa na /vipimo, na mengine machache. Unaruhusiwa hadi 50. Hiyo ya /lipa ina lipa namba ya duka na jina litakalotokea, ili mtu asitume fedha kwenye laini yangu ya nyumbani. Hilo nalo ni sehemu ya kutenganisha: fedha ya kitambaa cha mteja ikiingia kwenye laini ninayolipia nayo mboga, mwisho wa mwezi sijui kilichopotea ni cha nani. Ile ya /vipimo ni maelekezo kwa wateja walioko mikoani, jinsi ya kujipima kifua, kiuno na nyonga na kunitumia.

Katalogi inachukua hadi bidhaa 500, lakini fundi hahitaji hata robo ya hizo. Weka mishono uliyoishona wewe, picha za kazi yako mwenyewe. Ukiweka picha za mtandaoni mteja atakudai mfanano, na atakuwa na haki. Andika bei ya kuanzia, na kwenye maelezo andika wazi kwamba bei ni ya ushonaji, kitambaa ni cha mteja. Gauni la kitenge la kawaida kwangu linaanzia 40,000, la lesi lenye bitana na koseti ni zaidi ya mara mbili ya hapo, na mtu anayeona hivyo kabla ya kuandika hanipotezei muda wala mimi simpotezei wake.

Stetasi inahitaji tahadhari. Inakaa saa 24, kwa hiyo hakuna faida ya kuiweka usiku. Fundi anayerusha mshono mpya saa tatu usiku anawaita wateja saa tatu usiku. Mimi narusha asubuhi nikifungua duka, maswali yanakuja nikiwa mezani. Badiliko hili dogo halihitaji hata WhatsApp ya biashara. Unaweza kulianza leo kwenye WhatsApp uliyonayo.

Ramadhani ni habari nyingine, na sitaki kumdanganya mtu. Kumi la mwisho hakuna programu itakayompa fundi jioni. Watu wanaleta vitambaa usiku baada ya tarawehe, na mimi mwenyewe nashona usiku kwa sababu mchana nimefunga na jua ni kali. Nilichofanikiwa ni kuweka mwisho wa kupokea. Natengeneza orodha ya matangazo, moja inachukua watu 256, na kabla ya mwezi kuandama natuma tarehe ya mwisho ya kupokea vitambaa vya Idi. Ujumbe huo unawafikia tu waliohifadhi namba yako, kwa hiyo kila mteja mpya nampa namba na kumwomba aihifadhi hapohapo. Baada ya Idi naweka ratiba yenye tarehe, wiki nzima duka halipo. Wiki hiyo sibanduki nyumbani.

Msaidizi wangu mkubwa anajibu nami. Akaunti moja inaweza kuunganishwa kwenye vifaa vingine vinne, na chake ni kimojawapo, anakiunganisha mchana na kukitenganisha anapoondoka. Sharti hilo la kutenganisha nimeliweka mimi, kwa sababu nisingependa nimpe yeye usiku niliojiondolea. Ukiunganisha, fahamu kwamba simu kuu isipotumika kwa zaidi ya siku 14 vile vingine vinatolewa.

Mambo ambayo programu haifanyi ni haya. Haipokei simu ya kupigwa: mteja akikupigia, ujumbe wa kufunga haumhusu, na ndiyo maana nasisitiza simu iwe kimya na iwe mbali. Haitunzi vipimo kwa namna ya kuaminika. Vyangu viko kwenye daftari kubwa lenye jina na tarehe, kwa sababu kipimo kilichomo kwenye mazungumzo ya miezi sita iliyopita hukipati ukiwa umeshika mkasi. Wala lebo hazijui tarehe. Lebo ya Kwenye mashine haitakuambia kwamba huyu sherehe yake ni kesho na yule ni mwezi ujao. Kwa hilo nina kalenda ya ukutani, ile ya bure inayotolewa na maduka mwishoni mwa mwaka, na kalamu nyekundu.

Nani asiihangaikie? Mama ntilie anayemaliza sahani za mchana saa tisa, au mwenye genge ambaye wateja wake wanapita mlangoni, hao watapata kidogo sana. Kwao stetasi ya asubuhi na simu kimya usiku vinatosha. Wanaofaidika ni wale ambao mteja amewaachia kitu chake au fedha yake na anasubiri: fundi cherehani, fundi seremala, mwoka keki za harusi, mrembeshaji wa ukumbi, fundi simu. Kusubiri kunaleta maswali, na kwa hao ningetoa nyota tano kati ya tano kwa lebo na katalogi, na tatu kwa ujumbe wa kufunga.

Wifi yangu anaoka keki nyumbani kwake Tabata, na nilimwekea mwenyewe. Kwake kazi na nyumba ni chumba kimoja, hana droo ya kufungia. Tulipanga simu ya keki iwe kwenye rafu ya jikoni na isivuke mlango wa jikoni baada ya saa moja usiku. Mumewe ndiye aliyesimamia zaidi, kwa sababu alikuwa amechoka kula chakula cha usiku na mtu anayetazama simu. Kwake saa za kazi zinaonyesha "kwa miadi tu", chaguo ambalo liko palepale unapoingiza saa, na linawafaa wasio na mlango wa duka.

Anayetaka kuanza, nashauri mpangilio huu: kwanza laini ya pili, pili katalogi, tatu lebo, kisha azoee ile saa ya alasiri ya kutuma picha. Ujumbe wa kufunga auweke mwishoni, wateja wakiwa wameshazoea kupata habari zao mchana. Kabla ya kuhamisha namba, hifadhi nakala ya mazungumzo ya zamani, maana ndani yake mna vipimo na madeni. Na ukimaliza kuhamisha, weka ile PIN ya tarakimu sita ya uthibitisho wa hatua mbili. Atakayekupigia akisema amekutumia namba ya tarakimu sita kwa bahati mbaya na anaomba umsomee, usimsomee, hata akijitambulisha kuwa mteja wako wa siku nyingi. Hiyo ndiyo njia wanayotumia kuchukua akaunti za watu, na akaunti ya duka ikichukuliwa wateja wako wote wataombwa fedha kwa jina lako.